Tangazo la Mto Ambalo Kavugho Hakulisikia

Bwera, Ijumaa mchana

Kwako Yaya Masika,

Nakusalimu kwa mikono miwili, yaya wangu, dada mkubwa uliyenibeba mgongoni kabla sijajua kutembea. Nyumba yako imeamkaje huko Butembo? Lile goti bado linakusumbua ukipanda shambani, au ile dawa ya kuchua niliyokutumia imelituliza? Na shemeji, kikohozi kimemwacha? Mimi huku nakula, nauza, na mwili umeongezeka mpaka vitenge nilivyoshona mwaka jana vinanikataa kiunoni. Kwa upande huo sina la kulalamika.

Maneno uliyomtuma dereva wa fuso la chumvi yamenifika. Alinikuta kibandani, akaniuliza mbele ya watu wote, "Mama Paluku, yaya yako anauliza, ni kweli maji ilibeba mutoto wake?" Soko zima likageuza shingo. Nikamwambia, "Maji haikubeba mutoto. Kunywa chai yako." Lakini wewe si mtu wa barabarani, wewe ndiye uliyemzaa. Ndiyo maana nimekaa chini nikuandikie yote, kwa sababu kwenye simu ungepiga kelele, na mimi ningelia, na salio lingekwisha kabla hatujafika penye maana.

Kavugho wako ni mzima. Naweka hilo mbele ili usome mengine ukiwa umekaa. Ana miguu yake, mikono yake, na ulimi wake ni mkali vilevile.

Sasa ili uelewe, lazima kwanza nikuambie kuhusu Paluku, na usiseme naanza kujisifu, kwa sababu bila Paluku habari hii haina kichwa. Mwanangu anatengeneza websaiti. Ile ni kama ubao wa matangazo pale mlangoni mwa parokia, ila uko ndani ya simu, na mtu aliye Kampala au Ulaya anausoma bila kuvua viatu. Hoteli moja kule Kasese, ukiitafuta kwenye simu inatokea na vitanda vyake vyote, ni kazi ya mikono ya Paluku. Wakulima wa kahawa wa kule Maliba, ni yeye. Ana ofisi juu ya duka la dawa, yeye na wenzake wawili, na ukutani ametundika cheti alichopewa Kampala, kwenye mafunzo ya kutengeneza websaiti ambazo kila mtu anaweza kuzitumia, hata kiziwi, hata kipofu. Nimekigusa kwa mkono wangu. Kina herufi za dhahabu. Wale vijana wanaobadilisha pesa hapa mpakani wamenibandika jina, wananiita Mama Websaiti. Wanadhani wananicheka. Mimi naitika.

Basi, kuna kamati ya watu wanaokaa kando ya mto Nyamwamba, pale Kasese mjini. Wewe mto ule uliuona siku ulipomleta Kavugho shuleni, ukasema ni mzuri, maji meupe yanacheza juu ya mawe. Yaya, ule mto una uso wa pili. Mvua ikinyesha juu mlimani, mjini jua linawaka, watu wanaanika nguo, halafu mto unashuka na mawe makubwa kama nyumba. Kwa hiyo kamati ina watu kule juu. Wakiona maji yamegeuka rangi wanapiga simu chini, mwenyekiti anatoa tangazo, watu wanahama kabla maji hayajafika. Na tangazo hilo linawekwa wapi? Kwenye websaiti ya Paluku. Niliposikia mwanangu amepewa kazi hiyo, nilinunua soda kwa kibanda chote.

Lakini tangazo huwa linawekwaje? Hapo ndipo penye jambo. Unajua watu wetu na muhuri. Karatasi isiyo na muhuri huku ni ya kufungia mandazi. Na kuna siku mtu mmoja alitangaza uongo kwamba mto unakuja, watu wakakimbia, waliporudi mbuzi hawapo, magodoro hayapo. Tangu hapo hakuna anayeinua mguu mpaka auone muhuri wa kamati, ule wa zambarau, na sahihi ya mwenyekiti juu yake. Sasa Paluku, kijana mwenye akili, akafanya hivi: mwenyekiti anaandika tangazo kwenye karatasi, anapiga muhuri, Paluku anaipiga picha karatasi yote na muhuri wake, anaiweka kwenye websaiti. Watu wanaona, wanaamini, wanahama. Kila mtu alimsifu. Hata mimi nilisema, huyu mtoto anawajua watu wake.

Na Kavugho je? Tangu surua ilipomnyang'anya macho, unajua mtoto wako hataki kushikwa mkono. Alipomaliza shule akajifunza kufuma sweta kwa mashine, akapata nafasi kwenye karakana ya kule karibu na mto, akapanga chumba karibu nayo. Njia yote anaijua kwa miguu na kwa pua: bomba linalovuja, jiwe la kufulia, kona ya mama wa chapati. Akanunua simu kwa jasho lake, ile inayomsomea. Anapitisha kidole, nayo inasema, kwa Kiswahili cha Mzungu aliyelewa, lakini inasema. Kila asubuhi anafungua websaiti ya kaka yake kabla ya kuosha uso.

Mimi ndiye niliyewaambia majirani zake. Nilikwenda kumtembelea, nikasimama uani, nikawaambia, "Huyu mnamwona hivi? Kaka yake ndiye mwenye ile websaiti ya mto. Huyu anajua habari kabla yenu." Na ilikuwa kweli kwamba ni websaiti ya kaka yake. Walifurahi. Hata mzee wa chumba cha pili, ambaye macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, akaanza kuja kila asubuhi kukaa kwenye ngazi ya Kavugho kusikiliza ile simu. Wakawa marafiki. Alikuwa anamletea ndizi.

Siku ile jua lilikuwa kali. Asubuhi Kavugho akafungua simu, ikasema, "Picha." Basi. Neno moja. Mzee akauliza pale kwenye ngazi, "Kuna nini leo, binti?" Na Kavugho akajibu, "Hakuna kitu, mzee. Ni picha tu." Kwa sababu wiki zote zilizopita, kila alipomuuliza mwenzake wa karakana, picha zilikuwa za mwenyekiti akipeana mkono na wageni, mwenyekiti akigawa mbuzi, mwenyekiti amesimama karibu na gari. Alidhani ni mwenyekiti tena.

Akaenda kufuma. Siku hiyo mwenzake wa karakana alikuwa amekwenda kuzika, alikuwa peke yake. Anasema alifuma mkono mmoja wa sweta, akaanza wa pili, ndipo masikio yakamwambia kwamba kuna kitu hakipo. Alisimamisha mashine. Hakuna mtoto analia. Hakuna redio. Kuku hakuna. Yule mama wa chapati ambaye huimba kutwa nzima, kimya. Akaita, "Kuna mtu?" Hakuna. Yaya, watu walikuwa wamehama mtaa mzima, na hakuna aliyegonga mlango wake. Unajua kwa nini? Nimewauliza mmoja mmoja baadaye, wote wananijibu sawasawa: "Sisi tulidhani ameondoka wa kwanza. Si ni websaiti ya kaka yake?"

Halafu akaanza kusikia chini ya miguu yake kama magari ya mizigo yanagongana ndani ya ardhi.

Aliyemtoa ni kijana wa boda boda aliyerudi kuchukua jerikeni yake ya petroli. Kavugho amenisimulia walivyosemezana.

"Wewe dada! Unafanya nini hapa?"

"Nafuma sweta. Watu wameenda wapi?"

"Watu walitoka asubuhi! Kwani hukusoma tangazo?"

"Tangazo gani?"

"La kwa simu! La kaka yako!"

Alimpakia kwenye pikipiki kama gunia, bila kuuliza. Maji yalikuwa yameshafika kwenye magurudumu. Kavugho akamwambia, "Ngoja, kuna mzee chumba cha pili." Kijana akasema, "Dada, hakuna tena chumba cha pili."

Mzee walimpata jioni yake kule chini kwenye mawe. Nilikwenda kumzika. Kavugho alisimama kaburini hakulia, alikuwa anasema kitu kimoja tu kwa sauti ya chini, "Nilimwambia ni picha tu." Nilimwambia anyamaze, si kosa lake. Akaniuliza, "Ni la nani, mama mudogo?" Nikachukua udongo nikatupia kaburini. Kulikuwa na watu.

Sasa nikupeleke ofisini. Baada ya mazishi nilipika bugali wa muhogo, mboga ya sombe na samaki ngege wa ziwani, nikamshika Kavugho, tukapanda ngazi juu ya duka la dawa. Nilitaka wale tukiwa tunazungumza, kwa sababu mtu mwenye chakula mdomoni hapigi kelele. Paluku alikuwepo, na wenzake: Thembo, kijana wa Mahango, mwembamba, mcheshi, na Biira, binti wa Maliba, ambaye nikikuambia ukweli ningependa awe mkwe wangu, lakini hilo tuliache.

Kavugho hakula. Aliweka simu yake juu ya meza, akapitisha kidole. Simu ikasema, "Picha. Picha. Kitufe. Kitufe. Picha."

Thembo akacheka. "Inasema kama kasuku."

"Endelea kucheka," Kavugho akamwambia. "Hiyo ndiyo websaiti yenu. Ndivyo ninavyoisikia. Nionyesheni tangazo la mto liko kwenye picha ya ngapi."

Thembo akaweka samaki chini.

Paluku akasema, "Dada, tangazo lilikuwa pale. Lilikuwa la pili kutoka juu. Lina muhuri na kila kitu."

"Muhuri niulambe?"

Hapo Biira akasema, "Paluku, nilikuambia. Chini ya picha tuandike maneno. Simu yake ingeyasoma. Ni kazi ya mchana mmoja."

Yaya, ndipo nikagundua kwamba ugomvi huo ulikuwepo siku nyingi kabla ya maji. Walibishana pale mbele yangu kama watu wanaorudia wimbo. Nimejaribu kukumbuka kila mmoja alivyosema, kwa sababu wewe ni mama, una haki ya kujua mtoto wako alipimwa kwa mizani gani.

Thembo alisema, "Mama, usikasirike. Lakini sema kweli, vipofu wangapi wanafungua websaiti hapa Kasese? Sisi tuko wawili watatu, kazi ni nyingi. Hiyo kitu iko ya Wazungu, wanafanya kwa sababu sheria yao inawafunga."

Biira akamgeukia. "Umeziba mlango kwa matofali, halafu unasema hakuna anayeingia?"

"Si tungeongeza baadaye, websaiti ikiisha."

"Websaiti huwa inaisha lini, Thembo? Wewe umewahi kuona moja imeisha?"

Na Paluku, mwanangu, alisema, "Mteja hakuomba. Mimi nafanya kile mteja ameomba. Mwenyekiti aliomba muhuri uonekane, muhuri unaonekana."

"Mtu akikuomba umjengee nyumba," Biira akasema, "anakuomba mlango kwa jina? Mlango si wa kuombwa."

Mimi nikanyoosha kidole ukutani. Nikamwambia, "Paluku, na kile cheti? Si ndicho walichokufundisha Kampala?"

Akakitazama kama mtu anayetazama picha yake mwenyewe ya zamani. "Mama, kule walitufundisha kwamba ni vizuri. Walituonyesha namna. Hawakutuambia mteja akikataa ufanye nini."

Kibandani kwangu ningemtetea mbele ya yeyote. Pale nilikusanya sahani. Lakini ngoja nikuambie, na hili liandike moyoni: jioni ileile alikaa, hakwenda kwake, akaandika maneno ya kila tangazo chini ya kila picha, kwa Lhukonzo na kwa Kiswahili, yeye na Biira. Kesho yake Kavugho akapitisha kidole, simu ikasema kwa ile sauti yake ya ulevi, "Tangazo la kamati. Maji yamepungua. Msivuke karibu na daraja." Kavugho akacheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nikasema, ndiyo, huyo ndiye mwanangu. Nilirudi Bwera nikamwambia kila mtu aliyesimama kwenye kibanda changu, na wengine waliokuwa wanapita tu.

Kavugho alikataa kuja kukaa kwangu. Nilimwomba. Akasema, "Mama mudogo, Bwera nitafanya nini, nikae juu ya kiti kama mugonjwa?" Karakana imejengwa upya kwa mabati, mashine imeoshwa matope kwenye meno, shule zinasubiri sweta. Akapanga chumba kingine, hatua chache kutoka kilipokuwa cha kwanza. Lakini njia, yaya. Ile njia aliyoijua haipo tena. Jiwe la kufulia limebebwa. Mahali pa mama wa chapati pamekaa jiwe jingine, refu kuliko mlango. Nilimwona akilishika kwa viganja viwili, analizunguka polepole kama mtu anayemgusa mnyama bila kujua kama amelala. Akaniuliza, "Hili lilitoka wapi?" Nikamwambia juu. Akauliza, "Yako mengine?" Na majirani si walewale, wale wa zamani walihama hawakurudi. Hawa wapya hawamjui.

Nilidhani tumemaliza. Halafu mwenyekiti akapiga simu.

Nilikuwepo ofisini, nimepeleka chakula tena. Mwenyekiti ni mwanajeshi mstaafu, mtu wa kelele, watu wanamwita afande mpaka kanisani. Paluku aliweka simu mezani ikasikika na wote.

"Wewe kijana! Nani alikupa ruhusa kuandika maneno ya ofisi bila muhuri?"

"Afande, ni maneno yaleyale yaliyo kwenye karatasi. Ni kwa ajili ya wasioona."

"Maneno yaleyale yamepigwa na nani? Na kidole chako! Kesho mtu atakuja apige yake na kidole chake, watu wakimbie, mbuzi ziibiwe, nani atajibu? Wewe?"

"Afande, picha yenye muhuri bado iko. Maneno iko chini yake tu."

"Toa! Ofisi inasema kwa muhuri. Toa sasa hivi, au nitapeleka kazi kwa vijana wa Fort Portal."

Simu ikakatika. Biira akasema, "Usitoe." Thembo, na hapa nilimheshimu, naye akasema, "Usitoe, bwana." Paluku alikaa anatazama mashine yake. Nilijua anachofikiri kwa sababu nimemzaa. Alisema, "Akiipeleka Fort Portal, wale watakaa kule, hawajui mto. Tangazo litawekwa kesho yake. Hata wenye macho watachelewa. Bora nibaki nayo mimi, niyarudishe maneno polepole, nimzoeze."

Na akayatoa, yaya. Kwa mkono wake. Nilisikia kile kitufe.

Simwiti mwoga. Alikuwa na sababu, na ukiisikiliza ina akili ndani yake. Ila tangu siku hiyo, Kavugho akifungua simu asubuhi inasema, "Picha." Wamekubaliana kwamba akisikia hivyo ampigie Paluku amuulize. Wiki iliyopita alisikia picha, akapiga, simu ya Paluku imezimwa, yuko mkutanoni. Akapiga tena na tena. Alichukua begi lake akatoka, akapanda mpaka barabara kuu peke yake, akasimama pale na begi kifuani mpaka Paluku alipopokea saa nane. Ilikuwa picha ya mwenyekiti akigawa mbuzi. Watu waliomwona amesimama vile barabarani walidhani ni mwombaji, mmoja akamwekea sarafu mkononi. Kavugho alinisimulia hilo akicheka, lakini kile kicheko sikukipenda. Akasema, "Mama mudogo, siwezi kukimbia kila picha. Siku moja nitachoka, nitasema ni picha tu."

Najua utaniuliza kama nimrudishe nyumbani. Yaya, nimekaa na swali hilo. Barabara ya Beni unaijua ilivyo sasa, magari yanasubiri kusindikizwa na askari kwa ajili ya waasi na bado watu hawafiki. Nitamtuma kipofu wako apite pale, ashuke wapi, ajifiche wapi, amwone nani anakuja? Hapana. Na hapa Bwera hataki. Kwa hiyo anabaki pale alipo, na pale alipo kuna mto.

Tangu juzi mlima hauonekani. Umefunikwa na wingu jeusi, halisogei, limekaa tu. Leo wanawake walioteremka na mihogo kutoka juu hawakuongea sana, waliuza haraka haraka wakataka kurudi kabla vijito havijawafungia njia. Mmoja aliniambia maji kule kwao yameanza kuwa mazito. Hapa kwenye kibanda changu jua linawaka ninavyokuandikia. Kitenge nilichoanika kimekauka. Jua hilo silipendi.

Kwa hiyo asubuhi hii nilimpigia Paluku.

"Paluku, leo nahamia kwa dada yako. Nitakaa naye mpaka mvua iishe."

"Mama! Kando ya mto? Sasa hivi? Apana, kaa Bwera."

"Kwani kuna nini? Si kuna websaiti?"

"Mama, nitawapigia. Kitu kikitokea nitawapigia mimi mwenyewe."

"Wewe una mikutano. Na wengine wa mtaa ule, utawapigia nani na nani? Sikia. Mimi simu yangu ni katochi, haina intaneti. Nitasikiliza simu ya Kavugho, kama yule mzee alivyokuwa anasikiliza. Itakachosema ndicho nitakachofuata. Ikisema hameni, nitahama. Ikisema picha, nitaendelea kumenya ndizi."

"Mama, usinifanyie hivyo."

"Nimekufanyia nini? Nimesema naiamini kazi yako. Soko zima linajua naiamini."

Kwa nyuma nilisikia sauti ya Biira inasema kitu, sikukishika. Halafu Paluku akasema, "Afande atanifukuza." Nikamwambia, "Atakufukuza. Ukija kula kwangu sahani yako ipo." Nikakata, kwa sababu machozi yalikuwa yanakuja na sikutaka ayasikie.

Hajapiga tena. Sijui ameketi vipi kwenye ile mashine yake. Nimefunga kibanda, nimemwachia ufunguo jirani, nimefungasha godoro dogo, sufuria, na yale mashati mawili ya marehemu mume wangu ambayo Kavugho hupenda kulalia. Gari la Kasese linajaza abiria hapo mbele, kondakta ameshaniita, "Mama Websaiti, tunakuacha!" Dereva wa fuso atachukua barua hii kabla ya mpaka kufungwa.

Usije. Nakujua, utataka kuja. Kaa na mama yetu, na usimsomee sehemu ya mzee wa chumba cha pili. Mwambie tu kwamba wajukuu wake ni wazima na kwamba Paluku amenenepa. Msalimie shemeji, katekista wetu, mwambie aombe kwa sauti, si ile ya moyoni. Msalimie kaka yetu mkubwa mwenye mashine ya kusaga, na mkewe aliyenifundisha kushona. Msalimie binti yako mkubwa na mtoto aliyejifungua, mwambie nguo za mtoto ziko kwenye mfuko wa bluu alionao dereva. Na mama wa ubatizo wa Kavugho, yule sista mzee, kama bado anasikia, mwambie mtoto wake anafuma sweta nzuri kuliko za dukani.

Ukisikia kwamba maji yamekuja tena Kasese, usilie kwanza. Kaa, vuta pumzi, na ujue kwamba tulikuwa tumeshaondoka, kwa sababu simu ilisema maneno. Mwanangu aliyaandika. Mimi namjua mwanangu.

Mdogo wako anayekupenda,

Kavira, Mama Paluku